Mshale wa Dokta Haupandi

Baba yangu hajawahi kuchemsha gari barabarani, na mtu asiniambie kwamba hiyo ni sifa. Nimeisikia tangu sijaota meno. Wateja walimsifu, mafundi wenzake walimsifu kwa kinyongo, na yeye mwenyewe alijisifu kuliko wote, kidole kikigonga kile kioo kidogo cha temperecha kwenye dashibodi ya lori lake. "Unaona mshale? Umelala. Mshale wangu haupandi." Kwa ajili ya mshale huo wakampa jina la Dokta. Lori la mtu likitema mvuke katikati ya mlima, watu waliambiana wampelekee Dokta.

Mafundi wengine yeye aliwaita wachinjaji, na sababu ilikuwa thamostati. Ni kidude cha shaba tu, kinaenea kiganjani. Kinakaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yanazunguka humo humo ndani mpaka yapate moto. Yakishapata moto kinafungua. Sasa huku kwetu bondeni kuna joto la kumtoa nyoka pangoni. Gari likichemsha, fundi mvivu anaking'oa na kukitupa, maji yanapita ovyo, mwenye gari anakwenda zake amefurahi. Baba aliwatukana kwa hilo. "Thamostati ni mlango," alinifundisha enzi ambazo kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi. "Nyumba ikiwa na joto hung'oi mlango. Unatafuta joto linatoka wapi."

Nikayashika maneno hayo. Mimi ni mtoto wake wa pili, fundi kama yeye, na gereji sasa naiendesha mimi kwa sababu magoti yake yamegoma. Sijawahi kung'oa thamostati ya mteja. Nimegombana na watu wazima wenye ndevu zao kwa ajili hiyo, nikasema baba yangu ni Dokta na hanifundishi uchinjaji. Yeye anakaa mlangoni mwa stoo, kwenye kiti kilichong'olewa kwenye basi, na kutoka hapo anaona kila boliti ninayoifungua na kuitolea maoni. Maoni hayo sikumwomba, lakini baba ni baba na kiti ni chake.

Mama gerejini anaitwa Bibi Blanketi. Jina hilo alipewa na Fundi Rangi, mpiga rangi wetu, mtu asiyeweza kumwona mwenzake amevaa soksi asimtanie. "Bibi Blanketi, leo jua linapasua bati na wewe sweta mbili? Ya tatu iko wapi, inafuliwa?" Mama alicheka. Sote tulicheka, na baba alicheka zaidi. Alikuwa na maelezo yake tayari: "Mama watoto ni mtu wa baridi. Damu yake nyepesi. Nilimwoa hivyo hivyo."

Mama alikuwa utingo wake. Tulipoanza shule, baba alimfukuza utingo aliyekuwa naye, akasema vijana hawa wanauza mzigo njiani, na tangu hapo akampandisha mama. Vitunguu kwenda, saruji kurudi, juu ya mlima huo huo ambao ukifika kileleni ukungu unagusa barabara. Mama ndiye aliyeshuka kuweka mawe nyuma ya matairi, ndiye aliyekaza kamba za turubai, ndiye aliyemsemesha baba asisinzie. Hita ya lori ilipuliza baridi siku zote. Na kuizima hawakuweza: juu kule ukizima feni kioo kinafunga ukungu wa pumzi zenu, huoni mbele, ukiiwasha, kioo kinafunguka na upepo wa barafu unampiga aliyekaa upande wa abiria. Baba kiti chake kiko juu ya injini. Alikuwa amekalia joto. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiwa meza moja.

"Nasikia baridi, baba watoto," mama alikuwa akimwambia.

"Baridi gani? Mbona mimi siisikii?"

Mwaka wa kwanza wa kazi hiyo akamnunulia blanketi la kijivu, zito, lenye mstari mwekundu pembeni. Blanketi hilo baba amelitaja kwenye kila ugomvi wao niliowahi kuusikia. Nilimnunulia blanketi. Huwezi kusema sikujali, nilikununulia blanketi.

Sasa kifua cha mama kimekwisha. Akipanda ngazi tatu za jikoni anasimama kwanza kwenye ya pili. Hospitali ya kifua iko upande wa pili wa mlima, na safari ya kwanza nilimpeleka kwa basi. Dirisha la kiti chetu lilikuwa halifungi. Nililiziba kwa mkoba, kwa khanga, mwisho kwa mgongo wangu, na bado tulipofika alikuwa wa bluu midomoni. Akalazwa. Daktari, mwanamke mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, akaniita pembeni akaniambia taratibu: mlete tena kwa matibabu yenyewe, ila usimlete hivi. Baridi nyingine ya namna hii hataistahimili. Nafasi yake akaiandika, akasema ikipita hiyo, nyingine itachukua muda ambao mama yako huenda hana.

Kwa hiyo nikaliwaza lori. Lina kitanda chembamba nyuma ya viti, mama atalala, tutasimama akitaka kusimama. Kilichobaki ni hita. Nilijiambia hita ni kitu gani kwa fundi? Nikalisogeza lori katikati ya uwanja asubuhi, nikaliwasha, nikafungua hita mpaka mwisho.

"Dada, hita ya nini na jua hili?" Fundi Rangi akaniuliza. "Unataka kutukausha?"

"Nyamaza upige rangi."

Feni ilipuliza vizuri, kwa nguvu. Upepo ulikuwa baridi. Basi si umeme, si feni. Nikaangalia maji kwenye rejeta kabla injini haijapata moto: yamejaa. Nikaliacha lingurume kwa muda mrefu, nikakanyaga mafuta, nikaacha, nikakanyaga. Kisha nikaingiza mkono nikashika ile mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita na kuyarudisha. Hapo ndipo hita inaposema ukweli wake. Mpira mmoja ukiunguza na mwenzake ukawa baridi, maji hayapiti, kuna mahali pameziba. Yote miwili ikiunguza na bado unapigwa na baridi, basi maji ni mazima, kibao cha kugeuza hewa ndicho kibovu. Mipira ya lori la baba ilikuwa vuguvugu. Yote miwili. Maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Hewa hiyo," akasema baba kutoka kwenye kiti chake. "Imenaswa humo ndani. Itoe."

Nikalipandisha pua kwenye kilima cha kifusi, nikafungua kifuniko, nikaacha mapovu yatoke mpaka yakakoma. Vuguvugu.

"Koki ya hita imekufa nusu."

Nikafungua koki, nikapuliza kwa mdomo, nikaonja kutu. Ilipitisha vizuri. Hapo nikamgeukia, mikono inadondosha maji.

"Baba, thamostati ipo?"

"Unamuuliza nani?"

"Nakuuliza wewe. Lori ni lako, hakuna mwingine aliyewahi kuligusa."

Aliniangalia kama nimemtukania mama yake. "Thamostati ipo," akasema. "Lori hili lina kila kitu lilichozaliwa nacho. Rejeta ndogo ya hita ndiyo imeziba. Toa dashibodi, acha uvivu."

Nikatoa dashibodi. Aliyewahi kutoa dashibodi ya lori la zamani anajua nasema nini, na asiyewahi ashukuru. Skrubu zimeota kutu, plastiki inavunjika ukiitazama, nyaya zimeungwa kwa gundi na maombi. Siku nzima nililala chali kwenye sakafu ya kabini, miguu nje, vumbi la safari za wazazi wangu linanidondokea usoni. Nilikuta pini ya nywele ya mama. Nilikuta pipi iliyoganda kwenye karatasi yake. Rejeta ndogo nikaitoa, nikaipeleka bombani, nikaifungulia maji, yakatoka upande wa pili meupe, mazima, bila hata chembe ya uchafu. Hita ile haikuwa imeziba wala haikuwa na kosa lolote.

Mama alitoka jikoni na kikombe changu cha chai, polepole, akisimama njiani kuvuta pumzi. Nyumba yetu iko nyuma ya gereji, hatua chache tu, na hatua hizo chache sasa zilikuwa safari. "Usijitese, mwanangu," akasema. "Nitavaa sweta. Mimi na baridi tumezoeana."

"Hamtazoeana tena," nikamwambia, na sikumwangalia, kwa sababu alikuwa amesimama juani na kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi.

Nikarudisha kila kitu mahali pake. Kesho yake nikaliwasha tena, upepo ukatoka baridi vile vile, nikakaa kwenye kiti cha dereva nimechoka hata hasira sina. Nafasi ya mama ilikuwa keshokutwa. Macho yangu yakaangukia kile kioo cha temperecha. Mshale ulikuwa umelala. Lori lilikuwa linanguruma tangu asubuhi, kwenye jua hilo, na mshale umelala pale pale chini ambako baba alikuwa akiugonga kwa kidole mbele ya wageni. Maisha yangu yote nimeutazama mshale ule na kuona ubingwa. Siku hiyo nikauona kwa mara ya kwanza kama fundi. Injini nzima inapaswa kupata moto. Hii haikuwa nzuri, ilikuwa baridi, na kama injini yenyewe ni baridi, hita itatoa joto wapi?

Nikazima. Nikachukua spana, nikaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya thamostati.

"Unakwenda wapi na spana hiyo?" baba akauliza.

Nikainama nikafungua. Boliti mbili. Maji yakamwagika miguuni pangu. Nikanyanyua kifuniko, nikaingiza kidole, na kidole kikazunguka kwenye shimo tupu. Hakukuwa na kitu. Palikuwa na gasketi tu, iliyokatwa kwa mkono kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, na kingo zake zimeviringwa kidogo kwa ndani. Ninazijua kingo hizo. Ni mtu mmoja tu ninayemjua anayekata gasketi namna hiyo, na alinifundisha mimi.

Nikaenda nikasimama mbele yake na ile gasketi. Fundi Rangi alikuwa ameacha kupiga rangi.

"Ipo wapi?" nikasema.

Baba hakuitazama gasketi. Alitazama lori.

"Lilichemsha," akasema. "Mara moja tu. Wiki ile niliyolinunua, pale kwenye kona ya mlima, malori mengine yamepanga foleni nyuma yangu, na madereva wote wananijua. Nilikuwa nimekwisha waambia langu halichemshi. Nikaitoa kwa muda. Nilisema nitairudisha."

"Kisha?"

"Kisha mshale ukalala. Watu wakauona."

"Na hita? Ulijua kwamba ukiitoa, hita inakufa?"

"Mimi ni fundi, mama," akasema, na aliniita mama kama anavyoniita akitaka tuelewane. "Ningekosaje kujua?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilipanda mlima ule na kushuka, miaka na miaka, na mama amekaa upande wa abiria. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Yalifika mpaka kwenye meno. Nilichomwambia ni hiki: "Jana nimekuuliza. Unajua daktari amesema nini, na nimekuuliza, na umenitazama usoni ukaniambia ipo."

"Ningesemaje mbele ya watu?" akasema.

Watu! Alikuwepo Fundi Rangi peke yake, na kopo lake la rangi.

Baba akajishika magotini, akanyanyuka, akaingia stoo. Nilidhani anakimbia aibu. Akarudi na kifurushi kidogo cha kitambaa cha bluu, akaniwekea mkononi. Ndani mlikuwa na thamostati. Ilikuwa imepakwa grisi, imefungwa mara mbili, haina hata doa la kutu. Ameitunza miaka yote hiyo kuliko alivyotunza chochote katika nyumba ile. "Fundi hatupi kitu kizima," akasema, na nadhani alitegemea nimshukuru.

Thamostati iliyokaa miaka huifungi tu, unaijaribu kwanza. Nikaingia nayo jikoni, nikatia maji kwenye sufuria ya chai, nikaiweka ndani, nikawasha moto. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, anachambua mchele.

"Unapika nini hicho?"

"Kitu cha gari, mama. Naangalia kama kinafungua."

Alisimama, akaja kutazama. Kisha akakiona kitambaa nilichokiacha mezani, akakichukua, akakigeuza.

"Hiki nakijua," akasema. "Si kiko stoo, rafu ya juu? Nimekifuta vumbi mimi. Baba yako aliniambia nisikiguse kilichomo, nikawa nafuta pembeni pembeni."

Maji yakaanza kutoa mvuke. Tukainamia sufuria wote wawili. Kwanza hakuna kilichotokea, kisha kile kifuniko cha katikati kikajisukuma taratibu, kikafunguka, kizima kabisa. Nikazima moto. Yalipopoa kikajifunga.

"Kadude kadogo namna hii," mama akasema. "Kakiwa ndani ya gari, hita inatoa joto?"

"Inatoa."

"Na kasipokuwemo?"

Ningeweza kudanganya. Nyumba yetu ina mwenye kipaji hicho tayari. "Inapuliza baridi," nikasema.

Hakuuliza nani alikitoa. Alikikunja kile kitambaa, mara mbili, mara nne, akakiweka mezani, akarudi kwenye mchele wake. Nilimsubiri aseme neno. Alisema maji ya chai nitie mengine, hayo yameingia grisi.

Tuliondoka baada ya chai ya asubuhi. Nilikuwa nimekwisha kuifunga thamostati na kulijaribu lori mitaani, na hita ilitoa joto, lakini huku bondeni joto ni joto, mtu hawezi kuliamini. Mama alikaa mbele kwanza, akasema atalala akichoka, blanketi la kijivu mapajani. Baba alikuja mpaka dirishani upande wangu, kwa magoti yake hayo.

"Uangalie mshale mlimani," akaniambia. "Ukivuka nusu, simama."

"Sawa."

Akainama kumtazama mama. "Umechukua blanketi?"

"Nimelichukua," mama akasema. "Baki salama, baba watoto."

Fundi Rangi alisimama kando ya lango na kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani wowote.

Mlima ulianza mchana. Mshale ulianza kupanda, na nakiri moyo wangu ulipanda nao, kwa sababu nimelelewa kuuogopa. Ukaondoka pale chini, ukanyanyuka, ukakaribia nusu, na kidole changu cha mguu kikawa kinaitafuta pedali ya breki. Ukafika katikati ukasimama. Ukakaa pale pale, bila kutikisika, kona baada ya kona, kama ulivyotengenezwa kukaa. Lori halikuchemsha. Halikuwa na haja ya kuchemsha. Rejeta nilikuwa nimeiosha, feni ni nzima, kazi ambayo baba angeifanya wiki ile ile na kumaliza habari.

Ukungu ulitupokea juu. Kioo kikaanza kufunga, nikawasha feni. Nilimwona mama kwa pembe ya jicho akijikunyata kabla upepo haujamfika, mabega juu, mikono kwapani, mwili mzima unajiandaa. Upepo ukamfika. Ulikuwa moto.

Alikaa vile vile amejikunyata kwa muda, haamini. Kisha akashusha bega moja. Akanyoosha mkono mbele ya tundu la hita, akaugeuza kiganja na mgongo, kama mtu anayeota moto. Akavua viatu. Akavua soksi. Akaiweka miguu yake mitupu pale chini panapotoka hewa, miguu iliyopasuka visigino, vidole viwili havina kucha tangu zamani, na akaiacha hapo.

"Kumbe," akasema.

Nje ilikuwa nyeupe tupu. Tukapita kona ile ya foleni ya malori.

"Hapa aliniteremsha kuweka jiwe," akasema. "Mvua ya mawe. Niliporudi ndani nilishindwa kufunga mlango, vidole havikunjiki. Nikamwambia nakufa na baridi. Akaniambia, baridi gani?" Alikohoa, lakini si kile kikohozi kibaya. "Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi. Nilidhani damu yangu mbovu. Unajua nilikuwa natubu? Nikifika nyumbani naswali, namwomba Mungu anisamehe kwa kumlalamikia mume wangu, mtu wa watu anajitafutia, na mimi kazi yangu kulalamika baridi."

Nikapunguza mwendo. Barabara ilinijaa ukungu machoni, na kioo kilikuwa safi.

"Na kale kadude nakafuta vumbi," akasema mama.

Alifika hospitali midomo yake ina rangi yake. Daktari alimshika mikono, akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na matibabu yakaanza siku hiyo hiyo. Walipomruhusu nilimpeleka kwa mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, anayekaa mtaa wa nyuma ya hospitali. Nyumba ndogo, chumba chenye kitanda karibu na ukuta wa jikoni, ukuta wenyewe una joto. Nilipotaka kupanga siku ya kuja kumchukua, alikuwa tayari amepanga nguo zake kwenye kabati la watu.

"Nitakaa huku," akasema.

"Mpaka upone?"

"Nitakaa huku, mwanangu. Wewe utakuja kunitazama." Akalichukua lile blanketi la kijivu kitandani, alikuwa amelikunja vizuri, mstari mwekundu kwa juu. "Hili mrudishie baba yako. Mwambie atalihitaji."

Nilirudi peke yangu, hita imewashwa, sihitaji. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha basi. Aliposikia muungurumo alianza kunyanyuka, na kabla sijazima injini alikuwa ameshika mlango.

"Mshale ulipanda?"

"Ulikaa katikati, kwenda na kurudi."

"Halikuchemsha?"

"Halikuchemsha."

Akapumua. Akapapasa boneti kwa kiganja, taratibu, na ndipo akatazama kiti cha abiria.

"Mama yako je?"

Niliteremka na blanketi, nikamwekea mikononi. Nikamwambia mama anaendelea vizuri, amebaki kwa mdogo wake, hajasema atarudi lini na mimi nadhani harudi. Nikamwambia blanketi amelirudisha na amesema atalihitaji. Fundi Rangi, nyuma yangu, akazima mashine yake.

Baba alilishika blanketi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie kidogo. Jua lilikuwa kali, bati la stoo linalia kwa joto. Alinitazama, akalitazama blanketi, akatafuta neno, na neno lililokuja lilikuwa lile lile alilokuwa nalo siku zote.

"Baridi gani?" akasema.

 Akarudi kwenye kiti chake akakaa, blanketi magotini, na mimi nikaenda kufungua lori la mteja lililokuwa linachemsha.